Alaska na mama: boti ya barafu au boti ya nyangumi? Pesa ni ya moja tu

Mwana wa Mpwapwa (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Dada yangu anayeishi Seattle amemlipia mama safari ya meli ya kitalii kwenda Alaska mwezi wa saba, na mimi nimeingizwa kama msindikizaji. Visa za Marekani tunazo, kwa hiyo wale wa "unadhani ubalozini ni sokoni Majengo" leo pumzikeni. Meli inatoka Seattle, inapita Juneau, Skagway na Ketchikan, inarudi kupitia Victoria.

Kizungumkuti kiko Juneau. Ukitaka kutembea nje ya meli unalipia pembeni, na dada amesema atalipia tembezi moja tu. La kwanza ni boti ya kwenda kwenye mto wa barafu unaoishia baharini. Unakula siku nzima na bei inakaribia mara mbili ya lile la pili. La pili ni boti ya nyangumi, masaa matatu na kitu.

Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na boti ya Dar kwenda Unguja iliwahi kumtapisha mpaka akaapa. Yeye anataka nyangumi, eti amwone samaki wa Yona kwa macho yake. Barafu anasema hata kwenye friji ipo. Mimi naona tukienda Alaska tukarudi bila kuisogelea barafu tutachekwa. Nishaurini.

Zabibu Chachu

Sisi huku Nkuhungu tunagombania maji ya mgao, wewe unachagua kati ya barafu na nyangumi. Haya bwana. Mpe mama anachotaka, umemaliza.

Pwani Haina Mwenyewe

Mimi napingana na mama, kwa heshima zote. Nyangumi wa nundu tunao hapa nyumbani. Kuanzia Julai mpaka Novemba hivi wanapanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa, wanaonekana Mtwara, Mafia, mpaka Unguja. Barafu je? Iliyobaki ni ya kileleni Kilimanjaro, na yenyewe zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshayeyuka. Mama hawezi kupanda kule. Basi aende akaone kitu ambacho Tanzania hawezi kukiona, nyangumi atawakuta Mtwara.

Baharia wa Nchi Kavu

Nimefanya kazi kwenye meli za kitalii, kitengo cha usafi wa vyumba, na njia hiyo ya Alaska naijua. Mkuu Pwani amejenga hoja nzuri ila amesahau bahari. Nyangumi wa Mtwara unamfuata kwa boti ndogo kwenye bahari ya wazi, tena miezi ya kusi. Mama aliyetapika njia ya Unguja hawezi. Juneau boti zinatoka Auke Bay na kuzunguka katikati ya visiwa, maji yametulia kwa sehemu kubwa. Halafu wa Mtwara wanakuja kuzaa, wa Alaska wako mezani. Wanaenda Hawaii kuzaa na huko hawali karibu chochote, wakirudi kiangazi wana njaa ya miezi. Mara nyingine wanajipanga kundi, wanazunguka chini ya samaki wadogo huku wakipuliza mapovu mpaka samaki wanajikusanya katikati kama wako ndani ya wavu, kisha wote wanaibuka kwa pamoja midomo wazi. Hiyo si ya kila siku, usimwahidi mama. Mkia na mgongo lakini, Julai pale Juneau, kuvikosa ni bahati mbaya sana. Na upepo ukiwa upande wenu mtaisikia pumzi yake, inanuka samaki wa juzi.

Sasa swali ambalo mleta mada hujaliuliza. Meli yenyewe inapita wapi? Karibu kila meli ya njia hiyo ina siku ya barafu ndani ya nauli. Kama ni Glacier Bay, ile ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa, hamhitaji kulipa hata senti. Hifadhi inaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, askari wa hifadhi wanapanda melini kueleza kwa kipaza sauti, na meli inasimama mbele ya ukuta wa barafu ya Margerie, kama maili moja kwa upana, inajigeuza taratibu ili kila upande uone. Mama anakaa kwenye kiti na blanketi na chai yake. Barafu ikimeguka unaiona inaanguka kwanza, mlio unakuja baadaye kama radi, maana mko mbali kuliko macho yanavyodhani.

Kama ratiba haina Glacier Bay wala barafu ya Hubbard, hapo ndipo boti ya barafu inaanza kuwa na maana. Ile boti ndogo ina faida yake, sikatai: inapenya kati ya vipande vya barafu ambako meli haifiki, na juu ya vile vipande wanalala sili na watoto wao. Rangi ya bluu ya ile barafu picha haiitendei haki. Na maji ya ndani ya ile mikono ya bahari ni kama bwawani, kwa hiyo tumbo la mama lingekuwa salama. Ni urefu wa siku tu.

Tahadhari: ukiona tangazo la boti ya barafu limeandika Tracy Arm, mmoja wa ile mikono ya bahari, uliza mara mbili. Tarehe 10 Agosti 2025 ubavu wa mlima uliporomoka karibu na barafu ya South Sawyer, wimbi likapanda ukuta wa ng'ambo mamia ya mita. Ilikuwa alfajiri, hakuna aliyekufa. Baada ya hapo meli nyingi zimehamia mkono wa jirani, Endicott Arm, kwenye barafu ya Dawes.

Mama Chamwino

Mwanangu, Victoria ni Kanada. Umesema visa za Marekani. Za Kanada je? Meli za kigeni zinazotoka Seattle lazima ziguse nchi nyingine, ni sheria yao ya mwaka 1886, na Mtanzania anahitaji visa kule. Msije mkazuiwa kupanda meli na mizigo mkononi. Hakikisheni pia ya Marekani inawaruhusu kuingia tena.

Zabibu Chachu

Kumbe "wale wa visa" tulikuwa na hoja 😂

Mwana wa Mpwapwa

Mama Chamwino, shikamoo, na asante. Nimempigia dada muda huu huu. Ya Kanada alidhani haihitajiki kwa sababu tunashuka masaa machache tu. Anaanza kuifuatilia.

Na ratiba ameitazama: Glacier Bay ipo, siku nzima. Baharia umeniokolea pesa.

Pwani Haina Mwenyewe

Kama barafu ipo ndani ya nauli naondoa pingamizi. Ila Juneau kuna barafu ya Mendenhall, basi linafika karibu nayo, na yapo matembezi yanayounganisha nyangumi na Mendenhall kwa tiketi moja. Muulize dada.

Baharia wa Nchi Kavu

Hilo nilitaka kulisema. Chukueni hilo, la asubuhi kama lipo, upepo huwa haujachanganya. Boti nyingi zina chumba cha ndani chenye joto na vioo vikubwa, mama asisimame nje muda wote. Boti ikizima injini kusubiri nyangumi aibuke ndipo inayumba, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kupanda, akishaanza kuumwa haisaidii. Akae katikati, asitazame simu. Na boti haitamsogelea nyangumi chini ya yadi 100, sheria inakataza, kwa hiyo bebeni darubini.

Nguo msidanganywe na neno kiangazi. Julai ya kule ni kama asubuhi ya Dodoma mwezi wa sita wakati wa upepo, ongeza mvua. Koti lisilopitisha maji ni muhimu kuliko sweta nene.

Mwana wa Mpwapwa

Tunachukua la nyangumi na Mendenhall. Nimemwambia mama, ameuliza kama nyangumi mmoja anatosha mtu mzima kukaa tumboni. Nimemwambia koo lake ni jembamba, amenuna.

Mwenye koti la mvua la mtu mzima, saizi kubwa kidogo, yuko Dodoma mjini, tuwasiliane. Madukani naona ya pikipiki tu.