Mrejesho: ile dawa ya kupuliza puani na damu ya pua

Wadau, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini dawa ya kupuliza puani, flutikasoni, hainisaidii mafua ya mzio, na kwa nini tundu la kulia tu linatoka damu. Mlinijibu mambo mawili: subiri, na badili mkono.

Nilikuwa nimeiacha siku ya tatu nikiiona maji tu. Kumbe dawa hii ni steroidi, na steroidi ya puani haizibui pua palepale. Inatuliza uvimbe polepole, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2. Kwangu nafuu ilikuja siku ya 9. Niliamka nikasikia harufu ya sabuni!

Damu je? Mkono wa kulia kwenye tundu la kulia unaielekeza dawa kwenye ukuta wa kati wa pua, penye mishipa mingi midogo. Sasa tundu la kulia napuliza kwa mkono wa kushoto, ncha ikielekea sikioni, kichwa nimekiinamisha kidogo, nikivuta hewa taratibu. Zamani nilivuta kwa nguvu mpaka uchungu wa dawa ukafika kooni, hasara tupu. Damu imekoma.

Aliyeuliza kuhusu ukurutu wangu wa usoni: daktari amenikataza klobetasoli, steroidi ya kupaka, ni kali mno kwa ngozi nyembamba ya uso. Amenipa haidrokotisoni, steroidi ya kupaka isiyo kali, ya asilimia 1, kwa siku chache tu. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza. Huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Mimi nilikuwa napaka kama losheni.