Kampuni za ndege zikiungana na njia ya KIA ikipunguzwa, chama cha wafanyakazi kinatusaidia nini hasa?

Mizani ya Mizigo (Moshi)

Ndugu zangu, ninafanya kazi kaunta ya abiria pale KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, nimetimiza miaka saba sasa, katika kampuni ya ndege ambayo sitaitaja kwa sababu bado ninakula ugali wake. Wiki tatu zilizopita ratiba ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi yetu ilionyesha safari nne kwa wiki badala ya saba, na aliyeibandika hakusema neno. Tangu siku hiyo tunasikia kwamba kampuni yetu inaungana na nyingine, na kwamba mambo yakikamilika njia yetu itafutwa kabisa, au wenzetu wa upande wa pili watakabidhiwa kaunta zetu. Meneja alipoulizwa alijibu kwamba mambo ya bodi hayazungumzwi kwenye mizani.

Ninakatwa mchango wa chama kila mwezi, lakini katika miaka yote saba nimemwona kiongozi wa chama mara mbili tu, na mojawapo ilikuwa siku ya kugawa fulana za Mei Mosi. Wenzangu wanashauri tujitoe wote kwa pamoja. Kabla sijatia sahihi ninaomba kuelewa: je, chama kina uwezo wa kuzuia njia isifutwe? Na kampuni zikiungana, mimi mwenye miaka saba nitapangwaje na wale tutakaowakuta?

Mzee wa Ngulelo (Arusha)

Marahaba, ingawa hukuamkia.

Swali lako la kwanza jibu lake ni hapana. Njia hufutwa kwa hesabu za viti, mafuta na saa za ndege, na sijaona nchi ambayo chama cha wafanyakazi kimepewa kalamu ya kuandika ratiba. Tazama Marekani, ambako vyama vya marubani na wahudumu vina nguvu kuliko vyetu mara nyingi. Kampuni ya ndege ya American iliinunua kampuni nyingine, TWA, mwaka 2001, na kufikia mwishoni mwa 2003 kituo kikuu cha St. Louis kilikuwa kimepunguziwa safari vibaya. Delta na Northwest ziliungana mwaka 2008, na kituo cha Memphis kikafungwa rasmi mwaka 2013. Vyama vilikuwapo kote huko, na safari ziliondoka vilevile. Sisi nasi tumeyaonja: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na Air Tanzania iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa shirika la Afrika Kusini mwaka 2002, ndoa ambayo haikufika mbali, kwani Serikali ilizinunua tena hisa hizo mwaka 2006.

Swali la pili ndilo lenye uzito, na ninashangaa umeliweka mwisho. Kampuni mbili zinapoungana, orodha mbili za wafanyakazi huwa moja, na nafasi yako katika orodha hiyo ndiyo inayoamua zamu yako, likizo yako na siku utakayoambiwa uende nyumbani. Wahudumu wa TWA, wakiwamo waliokuwa na zaidi ya miaka ishirini angani, waliwekwa mkiani mwa orodha ya American, chini ya binti aliyeajiriwa jana. Biashara ilipoanguka baada ya Septemba 2001, panga lilianzia mkiani, na kufikia katikati ya 2003 wahudumu wote waliotoka TWA walikuwa nje. Ninachotaka ukione ni kwamba si mwajiri peke yake aliyewaweka pale. Chama cha wahudumu wa American kilikubaliana na mwajiri, kikiwalinda wanachama wake wa zamani. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria mwaka 2007, inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki, na wasipoelewana aitwe msuluhishi.

Hata msuluhishi si dawa ya kila kitu. US Airways na America West ziliungana mwaka 2005, uamuzi kuhusu orodha ya marubani ukatoka 2007, na upande uliojiona umeonewa, ambao ulikuwa na kura nyingi, ukakitupa chama cha zamani mwaka uliofuata na kuunda chake. Marubani wa kampuni moja waliendelea kuruka chini ya mikataba miwili kwa miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mna chama, uliza wale wenzenu wa upande wa pili wana chama gani, na kimeshaanza kuzungumza na nani.

Binti Kaloleni (Arusha)

Mzee shikamoo, umeeleza vizuri. Ninaongeza ya hapa nyumbani, kwa sababu kaka yetu hatashitakiwa wala kulipwa kwa sheria za Marekani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze taarifa zote muhimu, na afanye mashauriano kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Wa kwanza kushauriwa ni chama kinachotambuliwa mahali pa kazi. Mkijitoa wote na chama kikawa hakiwakilishi tena wafanyakazi walio wengi, yaani kikapoteza wingi, sheria inakipa miezi mitatu ya kuurejesha, vinginevyo kinapoteza utambulisho, na hapo kila mmoja wenu atakaa mezani na mwanasheria wa kampuni akiwa peke yake.

Sasa hesabu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa miaka saba ni siku 49, yaani hata miezi miwili haifiki. Hicho ni kiwango cha chini, na kinachoweza kukipandisha ni mkataba wa hali bora ambao chama hujadiliana na mwajiri. Je, mnao? Umewahi kuuona kwa macho yako? Na ukiachishwa na kuona umeonewa, una siku 30 za kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, usizimalize kwa kusubiri simu ya meneja.

Mpagazi wa Marangu

Nimesoma yote kwa makini, ila mnazungumza kana kwamba uwanja ule ni wa wenye mikataba tu. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 kwa madai yao, pamoja na suala la mfuko wao wa akiba, abiria wengi walikwama hadi mahakama ilipoamuru warudi kazini. Mgeni wa mlimani anayechelewa siku tatu huenda asipande kabisa, na mimi hulipwa kwa siku za mlimani. Sisi hakuna anayetushauri kwa kifungu chochote.

Binti Kaloleni (Arusha)

Umesema kweli, na sina jibu la kukuridhisha. Kifungu cha 38 kinamhusu mwajiriwa wa kampuni husika.

Mizani ya Mizigo (Moshi)

Shikamoo Mzee, nisamehe kwa la mwanzo. Jana jioni tulikutana watu kumi na mmoja pale njia panda ya KIA tukisubiri usafiri, tukampigia katibu wa tawi na, kwa mara ya kwanza, akaja. Tumeandika barua ya kuomba taarifa rasmi za muungano, na meneja amegonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Hatujajitoa.

Katibu alikuja na orodha ya wafanyakazi yenye tarehe za kuajiriwa. Jina langu lina miaka mitano. Miwili ya mwanzo, nilipokuwa kwenye mikataba ya miezi sita sita, haimo.

Binti Kaloleni (Arusha)

Basi siku zako 49 zimekuwa 35 kabla ya mtu yeyote kuungana na yeyote. Kusanya mikataba yote ya miezi sita, hati za mshahara za miaka hiyo, na taarifa ya michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inayoonyesha nani alikuwa akichangia. Mpe katibu nakala, na zile halisi usimwachie mtu.

Mizani ya Mizigo (Moshi)

Mikataba mitatu ninayo. Wa nne walisema wangenipa baadaye.