Derrick Henry au Saquon Barkley: ukiambiwa uchukue mmoja, nani?

Mkongwe_wa_Baltimore
Wakuu, salaam. Tangu msimu wa 2024 uishe, ubishi wa hawa wabeba mpira wawili wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, umekuwa wa kurushiana yadi tu walizokimbia na mpira (yadi moja ni karibu mita moja). Henry alipata 1,921 akiwa na Ravens ya Baltimore, Barkley 2,005 akiwa na Eagles ya Philadelphia, basi mtu anasema kesi imekwisha. Lakini Henry alibeba mpira mara 325 na Barkley mara 345. Ukigawa, Henry ana wastani wa yadi 5.9 kwa kila mbio, Barkley 5.8. Kwa namba hutawatenganisha. Tuongelee miguu: wanakimbiaje?

Nianze na wangu. Henry ana kilo zipatazo 112, na ni mrefu kuliko wabeba mpira karibu wote wa ligi. Uzuri wake ni kwamba hana mambo mengi. Anapokea mpira, anatembea na safu yake ya mbele (wenzake wanaomfungulia njia) kuelekea pembeni, anachagua upenyo mmoja, anakanyaga mguu wa nje mara moja tu na kunyooka mbele. Baada ya hapo hapigi chenga. Akishafika hatua ya nne au ya tano, beki wa pembeni mwenye kilo 88 lazima aamue kama anaingia kweli kweli. Wengi wanasita, na wakisita mkono wa Henry umeshafika kifuani mwao. Septemba 29, 2024 dhidi ya Bills, mara ya kwanza kabisa Ravens kushika mpira, walimpa yeye akaondoka nao yadi 87 hadi tachidauni, yaani akauvusha mstari wa mwisho wa wapinzani. Watu walikuwa hawajakaa vizuri kwenye viti.

Bi_Shamsa_Philly
Kaka, hapo kwenye "upenyo mmoja" ndipo wanapoachana. Henry anaamua mapema, Barkley anaamua kwa kuchelewa. Mwangalie anavyosogelea safu: hatua fupi fupi, mabega yametulia, nyonga ziko chini, hakuna kinachomwambia beki anakwenda wapi. Beki akiegemea kulia hata kidogo, Barkley ameshapita kushoto. Na mapaja yale yanamwezesha kutoka mwendo wa polepole hadi kasi kamili ndani ya hatua mbili. Henry anajenga kasi taratibu, Barkley anaifyatua.

Wengi wanakumbuka ile ya Novemba 3, 2024 dhidi ya Jaguars. Alidaka pasi fupi, akampiga mmoja chenga, akazunguka, kisha akamruka mwingine akiwa ameelekeza mgongo kwake. Ni ajabu, sikatai. Lakini mimi nathamini zaidi zile mbio dhidi ya Rams. Mwezi huohuo wa Novemba aliwapiga yadi 255, tachidauni mbili, moja yadi 70, nyingine 72. Walipokutana tena kwenye mtoano Januari 2025, theluji inaanguka na watu wanateleza, akapata 205, akiwa na mbio moja ya yadi 62 na nyingine ya 78. Mtu anayekata kona hivyo kwenye theluji ana mizani ambayo sijaiona kwa mwingine.

Kocha_Mdogo_MN
Dada Shamsa umeieleza vizuri, ila niongeze kitu ninachokiona kila wiki maana nafundisha vijana wa sekondari huku Minnesota. Kuamua kwa kuchelewa kunahitaji muda, na muda huo unaupewa na safu ya mbele. Barkley ni yuleyule aliyekuwa New York. Mwaka 2021 akiwa na Giants alipata yadi 593 tu, wastani 3.7. Ndiyo, alikuwa anatoka kwenye jeraha baya la goti la 2020, lakini hata 2023 wastani ulikuwa 3.9. Nyuma ya safu dhaifu, ule utulivu wake uligeuka kuwa kusimama. Akiona katikati pamefungwa alikuwa anajaribu kuzunguka nje, anaangushwa nyuma ya alipoanzia.

Akaja Philadelphia, mbele yake wapo Jordan Mailata, Landon Dickerson na Lane Johnson, na pembeni yake kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Jalen Hurts ambaye naye anakimbia, kwa hiyo lazima beki mmoja abaki kumchunga. Ghafla zile hatua fupi zina maana.

Vijana wangu wote wanataka kumwiga Barkley. Nawafundisha kwanza mkato mmoja wa Henry. Ukimpa kijana wa miaka 15 uhuru wa kuchelewa kuamua, atacheza dansi nyuma ya safu mpaka aangushwe.

Mkongwe_wa_Baltimore
Kocha, kwa haki tuseme na Henry alipata msaada huohuo. Kukaa pembeni ya Lamar Jackson, kwotabeki wa Ravens, kunawagandisha mabeki kwa sekunde moja, na sekunde moja ndiyo Henry anayoitaka. Lakini kumbuka 2020 alipata yadi 2,027 na Titans, na Ryan Tannehill hakuwa kwotabeki wa kutisha mtu kwa miguu namna ile. Kila mtu uwanjani alijua mpira unakwenda kwa nani.

Mgeni_Uwanjani
Habari zenu wakubwa. Mimi niko Dar, mchezo huu nimeanza kuufuatilia juzi juzi, naomba kuelimishwa. Kuna mechi namwona Henry anaonekana wa kawaida kabisa, anakabwa palepale. Inakuwaje mtu mkubwa hivyo? Halafu mbona hapewi pasi kama Barkley?

Kocha_Mdogo_MN
Karibu sana mdogo wangu. Mfikirie Henry kama lori lililobeba mzigo: likishashika kasi hulisimamishi, lakini kwenye kuondoka hata mtu wa kawaida anaweza kulizuia. Timu zinazomweza zinapenya safu na kumfikia kabla hajapiga hatua ya tatu. Urefu nao unamponza hapo, kwa sababu miguu yake mirefu iko wazi kukamatwa.

Kwenye pasi, hilo ni pengo la kweli. Barkley alidaka pasi 91 mwaka wake wa kwanza, 2018. Henry 2024 nzima alidaka 19. Barkley akiwa uwanjani beki hajui kama ni mbio au pasi. Henry akiingia, anakisia, na mara nyingi anapatia.

Tumaini_Houston
Mnasahau robo ya nne, ile ya mwisho ya mechi. Kukabana na Henry mara ya kwanza ni kazi. Mara ya ishirini, kwenye baridi, ni jambo jingine. Kwenye mtoano wa Januari 2020 akiwa na Titans alikwenda New England akapata yadi 182, wiki iliyofuata akaenda Baltimore akapata 195. Zote ugenini, zote walishinda. Na ile mbio ya yadi 99 dhidi ya Jaguars, Desemba 2018, angalieni mabeki anavyowasukuma mmoja baada ya mwingine kama hawamhusu. Barkley anakukwepa, Henry anakuondolea hamu ya kumkaba.

Bi_Shamsa_Philly
Tumaini, robo ya nne naikubali, ndiyo maana nakurudisha Desemba 1, 2024. Walikutana uso kwa uso, Baltimore, nyumbani kwa Henry. Barkley yadi 107, Henry 82, Eagles 24, Ravens 19. Na tachidauni ya Barkley, yadi 25, aliipata robo hiyohiyo ya nne mnayoisifu.

Mkongwe_wa_Baltimore
Iliniuma sana siku ile. Lakini Henry alikuwa anakimbia dhidi ya ulinzi wa Eagles, uliokuwa bora kuliko wote msimu ule. Nakuuliza wewe dada: yadi moja imebaki kufika kwenye mstari, unampa nani?

Bi_Shamsa_Philly
Yadi moja, sisi tunampa Hurts na kumsukuma kwa nyuma! Ndiyo sababu msimu ule Barkley alipata tachidauni 13 za mbio na Henry 16. Yadi moja nampa Henry, sibishani. Ila mimi sichagui mtu wa yadi moja. Nachagua mtu wa mara 345, ambaye kila akishika mpira, hata kama yuko yadi 80 kutoka mwisho, walinzi wote kumi na moja lazima waogope.

Mgeni_Uwanjani
Asanteni wote. Usiku huu nimeitafuta ile mechi ya Desemba 1, nimeangalia miguu tu kama Mkongwe alivyosema. Kwa Henry nimeuona mkato mmoja wazi kabisa. Kwa Barkley nimerudisha nyuma ile mbio ya yadi 25 mara kadhaa na bado sijaona ni wakati gani aliamua. Kocha, nianzie kuangalia wapi, miguu yake au safu iliyo mbele yake?

Kocha_Mdogo_MN
Safu. Angalia kwanza walinzi wawili wa katikati wa timu pinzani wanaegemea upande gani, kisha rudisha uangalie miguu yake. Ukishawaona hao, utaona anaamua lini.