Posa na damu ya ukoo: sonona ya mama ni sababu ya kumkataa binti?

Mwalimu Mstaafu, Ngamiani

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga na mlio mbali. Naleta jambo lililotukuta barazani kwetu. Mkinipinga, nipingeni kwa hoja.

Binti wa dada yangu aliletewa posa mwezi uliopita. Barua ilikuja na mshenga, mtu mzima mwenye adabu zake, tukaipokea na kuomba siku za kushauriana. Kabla sisi hatujajibu, wao wakaturudia: wamesikia kwamba mama wa binti aliwahi kuugua maradhi ya mawazo, na bibi yake vilevile, wanaomba waelezwe kama ni ya ukoo. Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, kayasikia yote. Tangu siku hiyo hajakaa barazani.

Ni kweli aliugua, ndiyo hospitali wanaita sonona. Miaka ya tisini mumewe alipoteza kazi kiwandani, kisha akapotea na yeye mwenyewe, akamwachia watoto watatu wadogo. Dada akaacha kupika, akaacha kusuka ukili, mchana kutwa amelala kajifunika khanga mpaka usoni. Mtaa ukasema ana jini. Baadaye alitibiwa akapata nafuu, na leo genge lake ndilo la kwanza kufunguliwa mtaani.

Mimi nimefundisha biolojia miaka 31, na nakiri sisi walimu tuna lawama. Tukisomesha kurithi tunaanza na Mendel, yule mtawa wa zamani aliyechunguza urithi kwa njegere, ndefu na fupi, na tunaishia hapohapo. Mwanafunzi anaondoka akiamini kila jambo la mwili lina kinasaba chake kimoja, yaani chembe ya urithi itokayo kwa wazazi, ukikirithi umekwisha. Sonona haiendi hivyo.

Wataalamu waliitafuta kwa pacha. Pacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, wasiofanana wanashiriki kama nusu, sawa na ndugu wengine. Wote wamelelewa nyumba moja, wamekula chungu kimoja. Sasa kama sonona ingekuwa malezi matupu, pacha mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake ungekuwa uleule kwa aina zote mbili. Sivyo ilivyo, wanaofanana wanaugua pamoja zaidi. Mwaka 2000 Patrick Sullivan na wenzake walizikusanya tafiti hizo wakapata kwamba urithi unabeba kama asilimia 37. Kwa wasiwasi uliozidi, ule wa mtu kutetemeka moyo siku nzima bila jambo, ni kama theluthi. Walipotazama familia, wakakuta mwenye mzazi au ndugu aliyeugua sonona anakaribia mara tatu ya hatari ya mwingine.

Lakini hiyo 37 watu huisoma kombo. Haisemi kwamba asilimia 37 ya huzuni ya dada yangu ilitoka kwa mama yetu. Inahusu tofauti baina ya watu wengi wa jamii moja, kwamba kiasi hicho cha tofauti zao kinakwenda pamoja na tofauti za vinasaba. Badilisha jamii au zama, na namba yenyewe inabadilika. Na pacha wale walikuwa wa nchi za Magharibi, hakuna wa Tongoni wala Mikanjuni.

Kwa hiyo nauliza: ni haki posa kurudi kwa sonona ya mama? Na sisi wa upande wa binti tunawajibika kuitangaza? Mimi nasema hapana kwa yote mawili.

Mama wa Wavulana Watatu, Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Umenipa namba mwenyewe halafu unanikataza kuitumia. Mara tatu! Nikiambiwa bei ya nazi imepanda mara tatu siulizi ni nazi za zama gani, naghairi kupika wali wa nazi.

Mwanangu mkubwa alipotaka kuoa tulishauriwa wapimwe sikoseli yeye na mchumba. Wakapimwa, hakuna aliyelia wala aliyejificha nyuma ya pazia. Kwa nini damu ya sikoseli ipimwe, ya kichwa nisiulize hata kwa mdomo? Mlezi wa wajukuu nitakuwa mimi, si huyo Sullivan. Maji hufuata mkondo.

Dereva wa Bajaji, Makorora

Mwalimu, mtu kaachwa na mume, kiwanda kimefungwa, watoto watatu wanalia njaa, wewe unatafuta damu ya nini? Hapo hata jiwe lingelia.

Babu yangu alikuwa mkata mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani zaidi ya laki 2, ikaongoza dunia. Zikaja kamba za plastiki, mashamba yakachukuliwa, yakasimamiwa ovyo, miaka ya tisini tukawa tunatoa kama tani elfu 20. Kiwanda cha mbolea kikafungwa, cha chuma kikafungwa. Mji mzima ulikaa barazani unatazama bahari. Huyo bibi na huyo mama wamerithishana umaskini, mnauita damu. Sonona ni njaa iliyosomeshwa.

Mwalimu Mstaafu, Ngamiani

Marahaba bi mkubwa. Sikoseli ni kinasaba kimoja. Baba anakibeba bila kuugua, mama vilevile, basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kipimo kipo, jibu lipo, na mnaweza kuamua mkijua mnaamua nini. Sonona mpimie wapi? Mwaka 2019 watafiti walitaja sehemu 102 za vinasaba zinazohusiana nayo, na kila moja inasukuma kidogo kama unyoya juu ya mizani ya duka. Zote kwa pamoja bado haziwezi kukuambia kama huyu binti ataugua au la.

Na msisahau aibu iliyowapata watafiti. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake, kwa vijana waliofuatiliwa tangu kuzaliwa huko Dunedin, New Zealand, walisema kuna kinasaba kinachohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, mwenye aina fupi akipata misukosuko huanguka zaidi. Dunia ikashangilia, nami nikakieleza darasani kwa mbwembwe. Mwaka 2019 wengine wakavipima vinasaba 18 vilivyokuwa maarufu kwa sonona, hicho kikiwemo, kwa watu laki kadhaa. Havikufanya vizuri kuliko vinasaba vilivyookotwa kwa kubahatisha. Nyumba nzima ya elimu ilijengwa juu ya mchanga, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba zege.

Hiyo mara tatu yako, bi mkubwa, imebeba damu na nyumba kwa pamoja, maana jamaa wa mgonjwa hurithi vinasaba na hurithi bati linalovuja. Hapo dereva ana haki. Ila dereva naye kavuta kamba mpaka imekatika. Kiwanda kilifunga kwa wote.

Muuguzi wa Wazazi, Muheza

Nakazia hapo hapo. Kiwanda kilifunga kwa wote, mbona si wote waliojifunika khanga? Nina ndugu wawili wa tumbo moja mtaani kwangu, wamefiwa na baba siku moja. Mmoja alilia arubaini zikaisha, akarudi sokoni. Mwingine mwaka wa pili huu hali wala halali. Tukisema ni hali ngumu tu, huyu wa pili tunamwambia ni mvivu.

Jingine nilisoma ambalo linanisaidia kazini. Kenneth Kendler wa Virginia, kwa pacha wanawake, mwaka 1992, aliona kwamba vinasaba vya sonona na vya wasiwasi uliozidi kwa kiasi kikubwa ni vilevile. Kinachogeuza njia ni maisha. Utafiti wake wa baadaye ukaonyesha kupoteza mtu na kudhalilishwa huvuta upande wa sonona, hatari inayomkabili mtu huvuta upande wa wasiwasi. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na sonona na bintiye akawa yule asiyelala kwa hofu mume akiwa baharini, na watu wakasema "huyu hakurithi".

Sasa mwalimu, nakupinga. Unasema msitangaze. Mimi hilo jibu nalihitaji! Mwanamke ambaye mama au dada yake aliugua baada ya kujifungua, naye yuko kwenye hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kwa kila 100 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Nikiwa na historia ya familia nampangia arudi mapema, namwuliza analala vipi, nafuatilia. Bila hiyo naangalia kidonda na uzito wa mtoto, basi.

Nikimwuliza "kwenu kuna aliyewahi kuugua mawazo?", mama mkwe kakaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Mnadhani atanijibu nini? Posa zenu ndizo zinazoniletea uongo wodini.

Mama wa Wavulana Watatu, Chumbageni

Ala! Kwa hiyo wewe uulize, mimi mama mkwe nisiulize?

Muuguzi wa Wazazi, Muheza

Ndiyo, mama yangu, na usinikasirikie. Mimi nikijua, napanga tarehe ya kliniki. Wewe ukijua, unarudisha barua.

Msomeshaji Madrasa, Duga

Neno dogo. Wengi huletwa kwangu kusomewa kabla ya kwenda popote. Nasoma, Qurani ni shifaa, wala sioni haya. Lakini nimeweka sharti, mgonjwa aliyeacha kula au kulala apitie hospitali pia. Familia zinakubali jini upesi kuliko sonona kwa sababu jini ni mgeni, limetoka nje, halichafui ukoo. Ukisema vinasaba, unawaambia mgeni huyo ni mtoto wa nyumbani. Ndiyo maana elimu hii ya mwalimu, nzuri kama ilivyo, barazani inaweza kuumiza kuliko jini.

Mke wa Mtu, Pangani

Sijawahi kuyasema haya. Niliolewa nikiwa natumia dawa za sonona. Kwetu waliniambia nisithubutu kutamka. Nilizificha kwenye kopo la hina, nikawa nameza usiku chooni. Mwezi wa tano wifi yangu akaanza kukaa na sisi, nikaogopa, nikaziacha zote kwa mpigo bila kumwuliza daktari. Baada ya wiki kadhaa sikuweza kunyanyuka kitandani. Ndipo mume akajua, kwa njia mbaya kuliko zote.

Aliniambia, "Ungesema, ningekwenda kukuchukulia mwenyewe." Namwamini. Lakini nilimwuliza: ningesema siku ya posa, baba yako angekubali? Akanyamaza.

Kwa hiyo nikisoma "tangaza" na "usitangaze" naona wote mnajibu upesi mno.

Dereva wa Bajaji, Makorora

Dada pole sana. Ule msemo wangu wa njaa iliyosomeshwa naufuta.

Mwalimu Mstaafu, Ngamiani

Bibie wa Pangani, umenisimamisha. Nilipoanza nilitaka siri ya dada yangu ifungwe kabatini na ufunguo nitupe Chongoleani. Muuguzi na wewe mmenitoa hapo.

Kwanza la sheria, maana kuna aliyeninong'oneza kwamba tukinyamaza ndoa itavunjwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mtu nafasi ya kuiomba mahakama itangue ndoa ikiwa mwenzake, wakati wa kufunga, alikuwa na wazimu wa kujirudia au kifafa na huyo anayeomba hakujua. Inamtazama mwanandoa mwenyewe. Mama yake na bibi yake hawamo. Washenga wetu wamekwenda mbali kuliko bunge.

Pili, kuna utafiti uliofanywa na George Brown na Tirril Harris kwa wanawake wa Camberwell, London, ukatoka mwaka 1978. Walitazama wanawake waliopatwa na mikasa mikubwa na kuuliza nani anaanguka. Waliokuwa hawana mtu wa kumwambia la moyoni waliumia zaidi. Wenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, wasio na kazi nje, waliofiwa na mama kabla ya miaka 11, nao hivyohivyo. Niliposoma orodha hiyo nilimwona dada yangu katika mambo matatu. Mume kaondoka, watoto watatu, kazi hana. Na sisi ndugu zake tulikuwa umbali wa mitaa miwili, tunangoja jini litoke.

Jana tumekaa, dada mwenyewe akiwepo, mbele ya pazia safari hii. Tumekubaliana hivi. Binti atamweleza kijana kwa kinywa chake yaliyompata mama yake, kabla ya mahari, wao wawili, mshenga hayumo. Akipata mimba atamwambia muuguzi, na kijana ataahidi kuwa siku hiyo mama yake mzazi atangoja nje. Akikataa hilo, barua tutairudisha sisi.

Na mshenga nimempa swali langu, maana wao wametuuliza la kwao. Kijana anafanya kazi kwenye vyombo vya kwenda Pemba, hayupo nyumbani wiki hata tatu. Nimemwambia tunaomba watuambie, kijana akiwa safarini, binti wetu akilemewa, katika nyumba yao atamwambia nani?

Mama wa Wavulana Watatu, Chumbageni

Wakijibu "mama mkwe", mtakubali?

Mwalimu Mstaafu, Ngamiani

Inategemea ni mama mkwe gani, bi mkubwa. Wewe ungekuwa tayari?

Mama wa Wavulana Watatu, Chumbageni

Nipe mpaka Ijumaa.