Mjadala: Je, "Greatest Hits" ya 1976 inalitendea haki kundi la War?

Msanturi

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa zamani, naomba tulijadili jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Mkusanyiko wa nyimbo bora za kundi la War, uliotolewa na kampuni ya United Artists mwaka 1976, husifiwa kila mara kuwa ndiyo santuri ya kumwanzishia msikilizaji asiyewajua wanamuziki wale wa Long Beach, California. Mimi nasema mkusanyiko huo unampotosha. Nyimbo kumi zimebanwa katika santuri moja, na matokeo yake ni kwamba "The World Is a Ghetto", ambao katika albamu yake ya 1972 unachukua dakika zaidi ya kumi, humo umewekwa kwa toleo fupi lililotengenezwa kwa ajili ya redio. Saksafoni ya Charles Miller, inayochukua muda wake wote kusimulia huzuni ya mtaa, imekatwa kabla haijafika inakokwenda. Zaidi ya hayo, "Spill the Wine" wa mwaka 1970, uliofika nafasi ya tatu katika chati za Marekani, haumo kabisa. Na wale wanaolisifu kundi hili kwa ladha yake ya Kilatino, yaani ya watu wa Meksiko, Cuba na nchi za jirani zao, nawakumbusha kwamba ladha hiyo ilikuwa ya kuazima, kwa maana katika wanamuziki wale saba hapakuwa na Mlatino hata mmoja.

Binti Mvita

Kaka Msanturi, kuhusu dakika zilizokatwa sina neno, lakini hilo la kuazima siwezi kuliacha lipite. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akakua ukuta kwa ukuta na majirani Wahindi, hapiki biriani ya kuazima. Anapika chakula cha kwao. Wengi wa vijana wa War walikulia Long Beach, Compton na mitaa ya karibu na bandari ya Los Angeles, ambako familia za Weusi na za Wameksiko ziliishi jirani, watoto wao wakasoma pamoja na kucheza muziki katika kumbi zile zile. Isikilize "The Cisco Kid" wa 1972, uliofika nafasi ya pili. Unamsifu shujaa wa Kimeksiko aliyeonyeshwa kwenye televisheni miaka ya 1950, wakati ambapo watoto wasio Wazungu walikuwa na mashujaa wachache sana wa kuwatazama. Isikilize pia "Low Rider", unaohusu magari yaliyoshushwa hadi kukaribia lami na kuendeshwa taratibu ili wenye mtaa wayaone. Wachikano wa Los Angeles, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wameufanya wimbo huo kuwa wao kwa takriban miaka hamsini bila kumwomba Miller, aliyeuimba, cheti cha kuzaliwa. Wewe uliye mbali unawakatalia kwa niaba ya nani?

Msanturi

Dada yangu, umejibu sentensi moja na kuiacha hoja. Nimeuliza kuhusu mkusanyiko, nawe unanisomea ukoo. Hata hivyo, kwa kuwa umeligusa, nasema tena kwamba kuishi jirani na watu hakukupi asili yao.

Mzee wa Tumba

Wanangu, mimi nimepiga tumba katika bendi za dansi tangu ujana, kwa hiyo mniruhusu. Msanturi anazungumza kana kwamba midundo ile ilianzia Amerika. Ngoma zinazoitwa kwa Kiingereza konga, ambazo sisi tunaziita tumba, zina mizizi katika ngoma za watu wa Kongo na wa nchi za jirani, waliopelekwa Cuba wakiwa watumwa. Muziki uliozaliwa huko ulirudi Afrika kwa santuri za muziki wa Cuba zilizoitwa GV, zilizouzwa tangu miaka ya 1930, na vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakautambua mara moja kuwa ni wao, ndipo tukapata rumba iliyotulea sote hadi huku Afrika Mashariki. Papa Dee Allen, aliyekuwa akipiga tumba katika War, alikuwa mjukuu wa Afrika aliyekamata ngoma ya Afrika iliyopitia Cuba. Sasa mwanangu, hapo nani amemwazima nani? Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani Weusi ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba ni utamaduni wa kigeni, na sisi tuliokuwa tukiusikiliza tukaonekana tumepotea, ilhali ngoma zilizokuwa ndani yake ziliondoka katika bara hili hili.

Mfuatiliaji

Shikamoo Mzee. Naheshimu historia hiyo, lakini mnasahau kwamba kundi lenyewe liliundwa na Mwingereza, Eric Burdon, aliyekuwa mwimbaji wa The Animals, bendi ya Uingereza. Bila yeye pasingekuwa na War, na ndiyo maana kuuacha "Spill the Wine" nje ya mkusanyiko ni kufuta mwanzo wa hadithi. Wimbo huo ndio wenye ladha ya Kilatino kuliko yote, kwa kuwa ndani yake anasikika mwanamke akizungumza Kihispania huku filimbi ya Miller ikipita juu ya midundo.

Binti Mvita

Hakuliunda. Howard Scott, mpiga gitaa, na Harold Brown, mpiga ngoma, walikuwa wakicheza pamoja tangu 1962 katika bendi ya The Creators, kisha wakaitwa Nightshift, na mwaka 1969 mtayarishaji Jerry Goldstein aliwakuta wakimsindikiza Deacon Jones, mchezaji maarufu wa kandanda la Kimarekani aliyependa kuimba. Burdon aliletwa kwa bendi iliyokwisha kuiva, akarekodi nayo albamu mbili katika mwaka 1970, naye akaondoka mwaka 1971 katikati ya ziara. Waliobaki ndio waliotoa "Slippin' into Darkness", na ndio waliotoa albamu ya The World Is a Ghetto, ambayo jarida la Billboard liliitangaza kuwa iliyouzwa kuliko zote nchini Marekani mwaka 1973. Kuwapa Weusi sita wa War baba wa Kiingereza ni tabia ya zamani, na inaniumiza kuiona ikirudiwa kwa Kiswahili.

Mfuatiliaji

Sijampa mtu yeyote baba. Nimesema jina kubwa ndilo lililowafungulia studio, na hilo hulikanushi. Tena, kama asili ndiyo kipimo chako, Lee Oskar, Mdenmark wa Copenhagen anayepiga harmonika, utamweka wapi?

Binti Mvita

Ninamweka pale alipo, katikati ya sauti ya kundi. Ile sauti kali inayoongoza "Low Rider" ni harmonika na saksafoni zikipiga mstari mmoja kwa pamoja, kiasi kwamba msikilizaji hudhani anasikia ala moja asiyoijua. Hakuna bendi ya fanki iliyokuwa na kitu kama hicho, na Oskar alikipata kwa kusimama kando ya Miller, usiku baada ya usiku. Kipimo changu hakijawahi kuwa asili. Aliyeanza kuhesabu asili za watu ni mwanzisha mada.

Msanturi

Naona nimegeuzwa mshtakiwa katika mada yangu mwenyewe. Mtu yeyote asiyekubali aniambie kama amewahi kuisikia "Gypsy Man" nzima, dakika zake zaidi ya kumi na moja, upepo wa mwanzo ukivuma mpaka gitaa la besi la B.B. Dickerson linapoingia na kukaa mahali pamoja bila kuchoka. War walikuwa bendi ya kujipigia kwa muda mrefu, wakirekodi saa nzima kisha wakichagua vipande. Ukiwapima kwa dakika nne, umewapima kwa kipimo cha redio. Hilo ndilo nililouliza, na mpaka sasa hakuna aliyelijibu.

Mfuatiliaji

Nalijibu. Kundi hilo hilo lilikubali kuandaa matoleo mafupi, na ni hayo yaliyowafikisha kwa mamilioni ya watu. Halafu mkusanyiko wa 1976 haukuwa wa nyimbo zilizopita peke yake, kwani "Summer" ulikuwa mpya wakati huo na ukafika nafasi ya saba. Ukitaka "Spill the Wine", mikusanyiko ya baadaye inao, basi chukua hiyo.

Mzee wa Tumba

Hapo, Mfuatiliaji, mimi nakataa. Hiyo ya baadaye ilitoka kwa jina la nani? Katikati ya miaka ya 1990 wanamuziki wa asili waligombana na kampuni ya Goldstein, na mahakama ikaliacha jina la War mikononi mwa kampuni. Lonnie Jordan, mpiga kinanda, alibaki na jina hilo. Brown, Scott, Dickerson na Oskar, watu waliotunga na kupiga nyimbo tunazobishania, walilazimika kujiita Lowrider Band. Miller alikuwa ameuawa mwaka 1980, na Papa Dee alifariki mwaka 1988 baada ya kuanguka jukwaani akiwa kazini. Ile ya 1976 ilitolewa wakati wote saba wakiwa pamoja bado, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko urefu wa wimbo.

Msanturi

Mzee wangu, nakusikia, na dhuluma ile inanisikitisha kama inavyokusikitisha. Lakini kama ni watu wale saba tunaowaheshimu, basi saksafoni ya Miller iliyokatwa ni sehemu ya heshima hiyo. Mtu aliyeuawa hawezi kuipiga tena, kwa hiyo ile aliyoiacha ichezwe yote.

Binti Mvita

Katika hilo la mwisho niko pamoja nawe, kaka. Katika lile la kuazima bado nasubiri jibu lako.