Vijana wa mifumo, mnabishania lugha za kuandikia programu wakati daftari la mteja hamjalifungua!

Wakuu, leo nimefika shingoni, acheni niseme.

Sisi ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na mimi ndiye mhasibu. Tulichohitaji ni kanzidata ya wateja wanaochukua mzigo kwa mkopo: jina, simu, TIN, namba ya NIDA, anadaiwa kiasi gani, kalipa lini mara ya mwisho. Wateja wenyewe hawafiki elfu mbili, kaunta ina watu watatu. Kijana tuliyempa kazi akasema wiki mbili. Kasema kwa simu, hajaona hata faili moja! Bosi akafurahi, advansi ikatoka.

Wiki mbili zikapita, miezi ikaingia, na mpaka leo madeni nayasoma kwenye daftari.

Muda umeishia wapi? Kwenye lugha. Alianza na PHP, akafika kwenye fomu ya kuandikisha mteja, mara akaja na habari kwamba PHP imezeeka, tuhamie Python. Nikamuuliza itatusaidia nini, akasema spidi. Spidi ya nini kwa watu watatu wa kaunta? Na kama hoja ni uzee, Python ilitoka 1991, PHP 1995, sasa mzee hapo ni nani? Mambo ya kanzidata niliyasoma kidogo chuoni kabla sijaingia uhasibu, kwa hiyo kunizungusha si rahisi sana. Wateja watakaa kwenye MySQL au PostgreSQL, yaani programu za kutunza kanzidata, na utawatafuta kwa SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, iwe skrini zako umeziandika kwa PHP, Python au Java. Kwa kazi ya ukubwa wetu, chukua lugha unayoijua vizuri, na ambayo ukihama mji tutampata mwingine hapahapa Moro wa kuendeleza. Basi!

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye taarifa, na huko hakukanyaga kabisa. Faili letu la Excel ni vurugu, sikatai, limepita mikono ya makarani wengi. Simu moja imeandikwa 07, nyingine imeanza na +255, nyingine Excel imemeza sifuri ya mbele zikabaki tarakimu tisa. Hizo angalau zinanyooka kwa programu. NIDA ndiyo msiba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu, kwa hiyo karani akiiandika mfululizo bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri. Hakuna lugha duniani itakayozirudisha, ni kumpigia mteja asome kitambulisho chake upya. Halafu kuna Mohamedi, Mohammed, Muhammad S., na "Moha wa Kihonda". Ni mtu mmoja au wanne? Na deni la bati ni la yupi? Hapo lazima akae mtu anayewajua wateja, yaani mimi na karani, daftari mezani, jina kwa jina. Muda wa kazi uko hapo. Aliyesema wiki mbili alihesabu skrini peke yake.

Mafundi ujenzi wanakuja dukani kwetu kila siku, na hakuna anayekupa bei ya msingi kabla hajafika kiwanjani akaona ni mfinyanzi au mwamba. Nyie wa laptop mmepewa macho gani ya kuona kwa simu?

Tulipombana akaleta mwenzake eti waongeze kasi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za IBM, aliandika 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Yetu ikawa hivyohivyo: mwenzake akaja na lugha yake!

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kijana kabeba simu na NIDA za wateja wetu wote kwenye flashi yake. Nani aone deni la nani, bakapu ikae wapi, hakuuliza hata siku moja. Sasa simu hapokei, flashi anayo.

Bosi kasema nitafute mwingine. Anayeitaka kazi aje dukani, nimpe faili na daftari, achukue wateja mia moja awasafishe na karani pembeni yake, aone wanakula saa ngapi. Siku hiyo tunamlipa. Akimaliza ndipo aniambie waliobaki watachukua muda gani, na hapo nitamsikiliza hata akitaka kuandika kwa lugha ya mizimu. Ila ukinitumia PM ya "boss wiki mbili tu imeisha hiyo", sikujibu.