Mdogo wangu anatapika kila akichuma tumbaku yenye maji, ni malaria au nini?

dada_kasulu
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana roho yangu iko juu. Mdogo wangu wa kiume katoka huku Kasulu kaenda Urambo kufanya kibarua cha msimu kwenye tumbaku, sasa kila wakiingia shamba asubuhi na umande au mvua ikiwa imenyesha basi ikifika jioni kichwa kinamgonga, kizunguzungu, tumbo linasokota, anatapika mpaka nyongo, usiku halali jasho linamtoka na kapauka, halafu baada ya siku moja mbili yuko fresh anarudi kazini inaanza upya. Zahanati wamempima malaria hana, yeye kameza mseto hivyo hivyo. Tajiri wake anasema uvivu, mama huku nyumbani ameanza kusema mkono wa mtu. Anayelijua hili anisaidie jamani.

kijana_wa_sikonge
Pole sana dada. Hajarogwa, tumbaku imemlevya. Sisi tuliokulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku tumeyaona haya miaka yote. Jani bichi likilowa nikotini, ile sumu iliyomo kwenye tumbaku, inatoka inaingia kwenye yale maji, maji yanalowesha shati, mikono, mapaja, inapita kwenye ngozi mpaka kwenye damu hata kama mtu hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Tena asiyevuta ndo inampiga zaidi, mwili wake haujaizoea, ndo maana tajiri anaona wengine wanachuma tu yeye anaanguka. Muulize siku wanazochuma mchana majani yamekauka huwa anaumwa hivyo?

dada_kasulu
Nimempigia sasa hivi, anasema jua likiwaka siku nzima hapati kitu, ni zile siku za kulowana tu. Kwa hiyo afanyeje ikimshika?

tabibu_wa_kaliua
Dada mi niko kituo cha afya, msimu wa kuchuma hawa tunawapokea na wengi wanakuja wakisema malaria. Inachanganya kwa sababu huwa inaanza kati ya masaa 3 na 17 baada ya kushika majani, mtu kachuma asubuhi anatapika usiku, hata hakumbuki shamba. Ikimshika jambo la kwanza ni kuvua nguo zote alizoshindia na kuoga kwa sabuni na maji mengi, mikono, kwapa, nywele, chini ya kucha, maana akilala na lile shati sumu inaendelea kuingia. Avae nguo safi, apumzike, anywe maji au ORS kidogo kidogo. Hakuna dawa ya kuiondoa nikotini mwilini, mwili wenyewe unaitoa, wengi wanapona ndani ya siku 1 mpaka 3.

Ila hapa naomba msome vizuri. Sumu hii ikiwa nyingi inaanza kwa kumchangamsha mtu vibaya, moyo mbio, mate yanajaa, anatetemeka, halafu inageuka inamlegeza, mapigo yanashuka, misuli inakosa nguvu, pumzi inakuwa ya shida. Kwa hiyo aliyekuwa anatapika na kutetemeka akinyamaza ghafla akalegea, msiseme kapata nafuu! Huyo, au mwenye degedege, au anayeongea asivyoeleweka, au haamki, tafuteni usafiri hapo hapo, hospitali wanaweza kumsaidia kupumua mpaka sumu ipungue. Na mkifika semeni alikuwa kwenye tumbaku, na kama walipuliza dawa ya wadudu bebeni kopo lake, kwani dalili zinafanana na matibabu ni tofauti. Mboni za macho zikiwa zimesinyaa sana na kifua kinakoroma kwa makohozi, mi nawaza dawa ya wadudu kwanza.

mzee_wa_bani
Sisi zamani tunampa maziwa na kumtia kidole kooni atapike yote yaishe.

tabibu_wa_kaliua
Shikamoo mzee wangu, kwa heshima naomba tuliache hilo. Imeingia kwa ngozi, tumboni hakuna cha kutoa, na akipata degedege matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Hata mtoto aliyemeza kipisi cha sigara au ugoro msimtapishe, mtoeni kilichobaki mdomoni mumkimbize.

mama_watatu_urambo
Asante sana umetaja watoto maana ndo kinachoniuma, huku wanatumwa kutunga majani wakitoka shule na mwili mdogo kiasi kile sumu ile ile inamwelemea haraka, na mama mjamzito naye msimpeleke kwenye jani bichi. Nguo za shamba mi nafua peke yake, hazilali ndani.

Na huyo mdogo wako dada mwambie aombe waingie shambani umande ukishakauka, tajiri akikataa basi avae glavu na koti la mvua, wasio nalo huwa wanakata mfuko wa nailoni wanauvaa kifuani unasaidia, ila jua likishapanda avue, joto la ndani ya nailoni nalo linaangusha mtu. Akilowana abadilishe shati pale pale asisubiri jioni.

dada_kasulu
Mungu awabariki. Namtumia hela ya glavu na sabuni leo, na mama nimeshamsomea yote.